Ukimya Tuliokuwa Tukiutupa

Dada yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeshavua viatu vya zamu na kuinua miguu juu ya kistuli, maana najua ukisoma ukiwa umesimama utasoma nusu. Hujambo? Shemeji hajambo, na bado anakoroma mpaka majirani wanajua amefika nyumbani? Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie nimepata salamu zake, na kwamba nimeacha kunywa chai tumboni kukiwa kutupu, jambo ambalo ni kweli kwa siku nyingi za wiki. Wabusu watoto wote, hata yule anayejifanya amekua. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na wiki hii nimecheka kuliko mwaka wote uliopita.

Nianze na kile unachokisubiri, usije ukaruka kurasa kukitafuta. Ulisema chumba cha nyuma kimepakwa rangi, kitanda kimeshaingia, na unataka neno moja kutoka kwangu: nakuja au siji. Jibu nimelipata. Litakuwemo humu humu, ila nataka kwanza ujue limetoka wapi, kwa sababu nikikupa jibu tupu utapanda basi uje ulibishie.

Barua hii naisema, siiandiki. Nimekaa mezani kwangu, maikrofoni iko mbele yangu, na maneno yanajipanga kwenye skrini. Mikono yangu unaijua kuliko mimi. Ulikuwa wa kwanza kufika siku nilipouangukia ule mlango wa kioo, na ni wewe uliyenilisha kwa kijiko kama kinda wakati kano zinaunga. Kidole gumba cha kulia sasa kinashika kikombe. Vingine vinatii vinapojisikia. Daktari hategemei zaidi ya hapo, wala mimi.

Kazi yetu unaijua kwa juu juu, ngoja nikupe kwa ndani kidogo. Tunaandika programu zinazoendesha pampu za maji za mji. Programu ni maagizo, na kila fungu la maagizo linawekwa ndani ya mabano, ili pampu ijue hili linaanzia wapi na linaishia wapi. Kabla maagizo hayajapelekwa kwenye pampu yanasomwa na programu nyingine, ambayo sisi ofisini tunaiita Bawabu. Bano moja likikosekana, Bawabu anakataa kazi yote, hata kama ni kurasa na kurasa. Mbaya zaidi, analalamikia mstari ambao hauna kosa lolote, kama mgonjwa wako anayeumwa tumbo halafu anakuonyesha sikio.

Mwenye vidole anaangalia, anaongeza bano, anaendelea na maisha yake. Mimi nilikuwa nasema. Na mashine ya kuandika kwa sauti ilitengenezwa kwa watu wanaotumiana taarifa za vikao. Ukitaja bano, mara inaliandika, mara inalipuuza. Ukitaka usikosee inabidi ukae asubuhi nzima unasema bano, bano, bano, kama kasuku wa dukani, na ikifika mchana huna sauti. Kila nilichokabidhi kilikataliwa getini.

Mkuu wetu wa kazi tunamwita Mzee Hapana. Si mzee sana, ila neno hilo ndilo lake. Ukimwomba likizo, hapana. Ukimwomba feni, hapana, fungua dirisha. Aliniita akaniambia, bila ukali na bila huruma, kwamba pampu hazijui nimeumia. Akanipa mpaka mwisho wa robo hii ya mwaka. Nikiweza kukabidhi kazi inayopita kwa Bawabu na kuendesha maji sawasawa, nitabaki kwenye meza yangu. Nikishindwa, nitashuka mapokezi kupokea simu za watu waliokatikiwa maji. Mshahara ungebaki ule ule, alisema, kana kwamba hilo ndilo nililokuwa nauliza.

Mapokezi si kazi ya aibu, dada. Lakini mimi nimesomea maagizo, si malalamiko.

Basi nikaenda kwa Kinyozi. Huyu ni mwenzangu wa meza ya jirani, na jina hilo kalipata kwa sababu hawezi kuona kitu kirefu asikipunguze: programu yako, sentensi yako, hata mkutano. Nilimwambia tusihangaike kuifundisha mashine ya sauti kusikia mabano. Tuiache iandike inavyoandika, kisha tutengeneze kitu kitakachoirekebisha kazi yenyewe kabla haijafika kwa Bawabu. Akauliza kama nataka kutengeneza mtu wa kumpa Bawabu chai ili anipitishe. Nikamwambia ndiyo, ila huyu afanye kazi ya halali.

Tukakiita Fundi. Fundi anaipokea kazi iliyoharibika, anatafuta mahali ilipovunjika, kisha anajaribu matengenezo mengi kwa mpigo: bano hapa, nukta pale, futa hiki, rudisha kile. Kila tengenezo linalotii sheria za lugha analiweka pembeni, halafu anachagua lile lililobadilisha kidogo kuliko yote. Tulipokiona kinafanya kazi mara ya kwanza Kinyozi alizunguka meza akicheza, na mimi nikamwita Mzee Hapana kabla ya kujaribu vya kutosha. Hapo ndipo tulipofurahi mapema.

Kwenye chumba cha majaribio tuna tangi la kioo, ukubwa wa beseni la kumwogeshea mtoto, lenye pampu ndogo na mstari mwekundu. Kazi niliyoisema ilikuwa nyepesi: sukuma maji, pima kina, rudia hivyo mpaka maji yafike kwenye mstari. Bano lilikosekana. Fundi akaliweka, Bawabu akapitisha, pampu ikawaka, watu wakapiga makofi. Maji yakafika kwenye mstari yakaupita. Yakafika ukingoni yakamwagika. Mzee Hapana alikuwa amesimama karibu, na viatu vyake ni vya ngozi. Hakusogea. Aliuliza kwa upole kama kuna mtu atakayeizima, au aende akanunue samaki wa kuweka humo.

Kosa lilikuwa hili. Fundi alifunga bano mapema, kupima kukabaki nje. Pampu ikawa inasukuma bila kupima tena. Kwa Bawabu hiyo ni lugha safi kabisa, kwa sababu Bawabu anaangalia kama umefunga, haangalii umefunga nini.

Aibu hiyo haikutosha. Siku chache baadaye, nikiwa katikati ya kusema kazi, mama wa jikoni alichungulia mlangoni akauliza nani hatumii sukari. Maikrofoni ilimsikia. Fundi akayachukua maneno yale, akayawekea mabano na nukta kwa heshima zote, Bawabu akayapitisha. Pampu za mji mzima, kama zingepelekewa, zingekaa zikisubiri kujua nani hatumii sukari. Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Hapana hakucheka. Aliichapa ile kazi akaibandika kwenye ubao wa matangazo, akasema Fundi wetu ni kama mgeni anayesifia kila chakula: huwezi kujua ni kipi kimeiva. Kisha akapanga jaribio la pili, akasema hakutakuwa na la tatu.

Wiki hiyo nilishuka mapokezi kuangalia kiti. Dada wa pale alinipokea vizuri, akanionyesha simu inayovaliwa kichwani na droo anayowekea blanketi, kwa sababu mlango ule unapitisha baridi. Nilimshukuru nikapanda ngazi. Barua yako ya chumba ilikuwa mezani. Sitakuficha: nilikipenda kile chumba. Niliwaza dirisha lake linaangalia wapi.

Kilichobadilisha mambo ni jino la Kinyozi.

Lilimuuma, akaenda kuling'oa, na akaondoka na ufunguo wa kompyuta yake. Rekodi zangu zote za sauti alikuwa anazitunza yeye. Yeye ndiye aliyekuwa anazisafisha kabla mashine haijaziandika na Fundi hajayapokea maandishi, na alijivunia usafi wake. Nikataka kurudia kazi ya jana yake nikakosa rekodi safi. Nikaenda kutafuta zile ghafi, za kabla hajazigusa, nikazipata kwenye hifadhi ya ofisi. Nikajiegemeza kitini nikaanza kujisikiliza.

Nilikuwa sijawahi kujisikia nikisema kazi. Dada, ninapumua. Nikimaliza agizo dogo ninavuta pumzi fupi. Nikimaliza fungu zima, pale ambapo mkono ungekuwa unafunga bano, ninanyamaza, kiti kinalia kidogo, kisha naendelea. Nilisikiliza kazi nzima bila kuangalia skrini na nikawa naonyesha kwa kidevu: hapa linafunga, hapa linafunga, hapa bado. Nikaja kuangalia, hakuna hata moja nililokosea. Mabano yote nilikuwa nayasema. Nilikuwa nayasema kwa kunyamaza.

Kinyozi aliporudi, shavu limevimba na mdomo una ganzi, nikamketisha nikamchezea rekodi ghafi. Kisha nikamwomba acheze yake safi. Ilikuwa sauti yangu, maneno yameshikana mwanzo mwisho, kama mtu anayehadithia huku anakimbizwa na mbwa. Tangu siku ya kwanza alikuwa anakata kila sehemu isiyo na neno. Alijitetea, kwa kadiri ganzi ilivyomruhusu, kwamba kila anayeshughulika na sauti anafanya hivyo. Kwamba ukimya ni uchafu kwenye rekodi, unajaza nafasi bure. Na kwamba alidhani ananisaidia. Nikamuuliza daktari anayesikiliza moyo angesikia nini kama mtu angemkatia ukimya ulio kati ya pigo na pigo. Hakujibu. Alikaa hivyo kitambo, kisha akasema huo ukimya wake nao nisiukate, ndio anaoombea radhi.

Tukarudisha pumzi zote, na Fundi akapewa sauti yenyewe pamoja na maandishi. Fundi sasa anatengeneza kama zamani, anakusanya matengenezo yenye mabadiliko machache, lakini yakilingana kwa uchache hachukui tena lolote lililo karibu. Anaangalia nilipopumua, na kwa muda gani. Kazi ya tangi, ile iliyolowesha viatu vya mkuu, tulimpa tena hiyo hiyo kutoka kwenye rekodi ghafi. Akaliweka bano mahali pake bila kusita.

Tuligombana kwa jambo moja tu. Nilitaka Fundi, asipopata pumzi ya kumsaidia, asikisie, aulize. Kinyozi alisema chombo kinachouliza ni chombo kilichoshindwa, na kwamba watu wangetuona wababaishaji. Nikamkumbusha sukari. Akasema ile ilikuwa bahati mbaya. Nikamwambia dada yangu ni muuguzi na kila siku anamuuliza mgonjwa jina lake kabla ya kumpa dawa, ingawa jina limeandikwa kitandani, na hakuna aliyewahi kumwona mbabaishaji. Akanuna, akaenda kulifanya, akalifanya vizuri kuliko nilivyoomba.

Siku ya jaribio chumba kilijaa. Hata dada wa mapokezi alipanda, simu kaiachia nani sijui. Mzee Hapana aliingia na suti yake ya kila siku, na chini amevaa mabuti ya mpira mpaka magotini. Watu walicheka mpaka wakaishiwa. Yeye hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu na kioo kuliko mtu yeyote.

Kazi aliichagua pale pale, na ilikuwa ngumu. Matangi mawili, la kwanza limwagie la pili. La pili lisimame kwenye mstari, la kwanza lisikauke. Na pampu ikikosa maji, ijizime na kengele ilie. Akasema nianze nikiwa tayari. Nikamwambia nimeshakuwa tayari tangu robo ilipoanza.

Nikasema. Kinyozi alikuwa anauma kucha upande wa jino zima. Sikutaja bano hata moja. Nilizungumza kama ninavyozungumza nawe sasa, nikiliona kila fungu kichwani, nikipumua lilipoisha. Katikati kikohozi kikanishika, kikohozi kirefu cha vumbi la mapazia, na nilipomaliza nikaendelea kutoka nilipoachia.

Fundi akapokea. Mabano yakaanza kujaa kwenye skrini moja baada ya jingine. Alipofika penye kikohozi akasimama. Chumba kizima kikaona maandishi: hapa sikuelewa, unafunga kabla ya kupima au baada ya kupima? Nikasikia mtu nyuma anaguna. Kinyozi alifumba macho. Nikasema, baada ya kupima. Fundi akafunga, akaipeleka kazi kwa Bawabu, na Bawabu akaipitisha.

Maji yakapanda. Yakaukaribia mstari mwekundu, yakaugusa, pampu ikanyamaza. Yakabaki pale, hayatikisiki. Mzee Hapana aliinuka, na bila kumwambia mtu akauchomoa mpira wa maji kutoka tangi la kwanza, akaiamuru pampu iendelee. Pampu ikavuta hewa kidogo, ikajizima, kengele ikalia. Akaurudisha mpira. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mstari, akaangalia kutoka ubavuni kama seremala anayepima ubao. Kisha akasema, ndiyo.

Neno hilo moja. Mama wa jikoni, ambaye yuko pale tangu ofisi ifunguliwe, anasema hana kumbukumbu ya kulisikia kabla. Kinyozi alininyanyua na kiti changu, na kwa kuwa hana nguvu alizojidhania tulianguka wote wawili, mimi juu yake. Sijaumia, usianze. Yeye kaumia kiuno na anamwambia kila mtu aliumia kazini.

Sasa nikwambie ambalo sikulitegemea. Kesho yake Mzee Hapana aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Nilidhani amepata kasoro. Aliniuliza kama Fundi angeweza kujifunza pumzi za mtu mwingine, mwanamume, anayesema polepole. Nikamjibu kwamba angeweza, akipewa rekodi za kutosha zisizokatwa. Akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza, viganja chini, akaiachia. Ilikuwa inatetemeka, dada. Ile ya kulia ilitetemeka mpaka kalamu iliyokuwa karibu ikaanza kubingirika.

Aliniambia ugonjwa huo ulianza kabla ya ajali yangu. Alikuwa anaandika akijifungia mlango, kwa kubonyeza herufi moja moja na kichwa cha penseli, akirudi kufuta kila alichobonyeza kwa bahati mbaya. Ndiyo maana ripoti zake zilikuwa fupi, na sisi tukadhani ni ukali. Niliposema nitafanya kazi kwa sauti, alisema, alitaka niweze kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na ndiyo maana hakunirahisishia. Kitu anachokusudia kukiegemea alitaka kwanza akisukume kwa nguvu zote aone kama kitaanguka. Nikamuuliza ingekuwaje kama kingeanguka. Akasema tungeshuka mapokezi wawili.

Sikulia, wala yeye. Nilimwambia alete sauti yake Jumatatu, na asiisafishe. Leo asubuhi aliita watu wote akawaonyesha mikono yake mwenyewe, na ndiyo sababu naweza kukuandikia haya. Akasema pia kwamba Fundi anaingia kwenye kompyuta zote za ofisi, na kwamba mimi ndiye msimamizi wake. Wenye vidole vizima nao wanamtaka. Kumbe Bawabu alikuwa anawakera wote, ila wao walikuwa wanavumilia kimya kimya.

Kwa hiyo jibu langu, dada, ni kwamba siji kukaa. Chumba mpe yule anayejifanya amekua, kwa shukrani atakutunzia siri zako mwezi mzima. Nitakuja kuwatembelea robo ikifungwa, na nitalala popote isipokuwa karibu na shemeji.

Na jambo la mwisho. Tangu niumie jina langu lilikuwa limetolewa kwenye zamu ya dharura, kwa sababu pampu ikiharibika anahitajika mtu wa kuirekebisha hapo hapo. Leo limerudishwa. Kuanzia Jumanne, mji huu ukikatikiwa maji, mtu wa mapokezi atanipigia simu mimi. Kwa hiyo ukinipigia Jumanne usipopokelewa usiogope wala usikate tiketi. Niko kazini.

Msalimie Mama, mwambie goti alipumzishe kweli, si kwa maneno. Msalimie shemeji na watoto. Wewe mwenyewe ujitunze kama unavyowatunza wengine, angalau nusu yake.

Ni mimi mdogo wako,
wa zamu ya Jumanne.